Ofisi ya tafsiri na uchapaji nyuma ya stendi ya Moshi: tathmini ya mteja aliyepeleka dodoso gumu

Kwa wiki tisa, kuanzia mwezi wa tano hadi katikati ya mwezi wa saba, nilikuwa mteja wa ofisi ndogo ya tafsiri, uhariri na uchapaji iliyoko ghorofani nyuma ya stendi kuu ya mabasi ya Moshi, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wa Moshi na Arusha ambao utafiti wao unahitaji Kiswahili sahihi na faragha ya kweli, kwa kuwa vitu hivyo viwili nilivitafuta kwa shida na nilivilipia mara mbili kabla ya kuvipata. Mwenye ofisi ni mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ambaye wateja wote humwita Mwalimu, na anasaidiwa na kijana mmoja wa kuchapa. Ameniomba nisimtaje kwa jina, kwa sababu anapokea kazi chache na hapendi foleni. Anayemhitaji atamfikia kwa kuuliza.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili katika saikolojia unahusu watu wanaovutiwa kimapenzi na wanaume na wanawake pia: uhusiano wao, afya yao, na unyanyapaa unaowapata. Sikumhoji mtu yeyote kuhusu maisha yake. Sehemu ya kwanza ni mapitio ya tafiti zilizokwisha kuchapishwa, nyingi zikiwa za Marekani, na sehemu ya pili ni kutafsiri dodoso kwa Kiswahili na kupima kama wasomaji wa kawaida wanaelewa maswali. Kamati ya maadili ya chuo ilikubali kwa sharti moja, kwamba msomaji aulizwe swali lina maana gani kwake, asiulizwe jibu lake ni lipi. Katika nchi ambayo Kanuni ya Adhabu inaadhibu mapenzi ya jinsia moja, sharti hilo liliwalinda wasomaji wangu, na lilinilinda mimi pia.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepeleka rasimu kwenye steshenari moja ya mjini ambayo sitaitaja. Mhudumu alichomeka flashi, akafungua faili, na kwa kuwa kioo cha kompyuta kilielekea kaunta, watu wanne waliokuwa kwenye foleni walikisoma kichwa cha utafiti wangu pamoja naye. Mmoja wao alikisoma kwa sauti, kisha akaniuliza mbele ya wote kama mimi ni mmoja wa hao. Nililipa nikaondoka bila kujibu. Siku tatu baadaye nilinunua karanga kwa mama mmoja pale Mbuyuni, na nilipoikunjua karatasi niliyofungiwa nikakuta ni ukurasa wa nne wa dodoso langu, nakala iliyotoka na mstari mweusi wa wino katikati, ambayo niliamini imechomwa pamoja na nyingine zilizoharibika. Swali la 17 lilisomeka vizuri kabisa chini ya chumvi. Dodoso lilikuwa tupu, halikuwa na jina wala jibu la mtu, lakini nilikaa pale na karanga zangu mkononi kwa muda mrefu, nikiwaza ingekuwaje kama karatasi ile ingekuwa imejazwa.

Nilipopanda ngazi za Mwalimu kwa mara ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba, nilimweleza mada yangu kwa kuzungukazunguka. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nimweleze tena bila kuzunguka, kisha akasema: “Mwanangu, mimi nimeimba kwaya kanisani zaidi ya miaka thelathini, na jambo hili sijawahi kulishika mkononi. Niachie karatasi nilale nazo. Kesho nitakwambia kama kazi hii naiweza au siiwezi.” Sikufurahi, kwa sababu nilidhani huo ulikuwa mlango unaofungwa kwa adabu. Kesho yake saa mbili asubuhi alinipigia simu. Alisema amesoma maswali yote, na alichokiona ni maswali ya kumuuliza mtu kama anapata usingizi, kama anapigwa nyumbani, na kama ana mtu wa kumweleza yanayomsibu. “Njoo,” akasema. Hadi leo sijui maoni yake binafsi ni yapi, na kwa miezi yote ile hakunipa sababu ya kutaka kuyajua, kwani aliifanya kazi yangu kwa uangalifu uleule niliouona akiutumia kwenye wosia wa mzee mmoja na kwenye cheti cha ndoa cha watu wengine.

Faragha ya ofisi hii haitegemei ahadi ya mdomo. Kijana wa kuchapa amekaa akiupa ukuta mgongo, hivyo mteja anayeingia huona nyuma ya kioo cha kompyuta tu. Faili langu lilifungwa kwa nywila niliyoichagua mwenyewe, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, na lilifutwa nikiwa nimesimama pale. Tulitia saini hati ya nusu ukurasa ya kutunza siri, aliyoiandika yeye mwenyewe akitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022. Karatasi huhesabiwa zikiingia kwenye mashine na huhesabiwa tena zikitoka, na zile zilizoharibika hutumbukizwa kwenye ndoo ya maji iliyoko chini ya meza, zikaachwa humo mpaka zinakuwa kama uji. Nilipomsimulia habari ya karanga hakucheka. Aliinuka, akaisogeza ndoo ili niione vizuri, na akaendelea na kazi.

Sasa nije kwenye tafsiri, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika tathmini ndefu kiasi hiki. Kosa kubwa kuliko yote katika rasimu yangu lilikuwa kwenye kichwa chenyewe, ambako nilikuwa nimeandika “watu wa jinsia mbili”. Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya maneno hayo, akamwita kijana wake na kumuuliza bila kumweleza chochote: “Mtu wa jinsia mbili ni nani?” Kijana alijibu papo hapo kwamba ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya kike na ya kiume. Huyo kwa Kiswahili ni huntha, na ni mtu mwingine kabisa, mwenye maisha yake na mahitaji yake. Kama ningelisambaza dodoso lile kama lilivyokuwa, ningekusanya maelezo kuhusu watu wasiohusika na swali langu, na kwa kuwa maelezo hayo yangeonekana yamekamilika, huenda nisingegundua kamwe. Tulijaribu neno la kukopa, baiseksho, likaeleweka kwa vijana wa chuo peke yao. Tulijaribu “wapenda jinsia zote”, na wasomaji kadhaa wakalisoma kama tusi la mtu asiyetosheka. Hatimaye Mwalimu aliandika: “mtu anayeweza kuvutiwa kimapenzi na wanaume na wanawake pia”, na chini yake tukaweka maelezo yanayofuata maana iliyoenezwa na Robyn Ochs, mwanaharakati wa Marekani, kwamba mvuto huo si lazima uwe wa wakati mmoja, wa namna moja, wala wa kiwango kimoja.

Neno “anayeweza” nililiona dogo, nikataka tulifute ili kufupisha. Mwalimu alikataa, na sababu yake ilinifundisha zaidi ya sura nzima ya mapitio yangu. Alisema tukisema “anayevutiwa” tu, msomaji atadhani mtu huyo ana wapenzi wawili kila siku, mmoja huku na mmoja kule. Tukisema “anayeweza” hata mke wa mtu aliyetulia nyumbani kwake miaka ishirini anabaki ndani ya sentensi. Nilipofungua tena ripoti ya mwaka 2013 ya Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, niliona alivyokuwa sahihi, kwani miongoni mwa Wamarekani wa kundi hili waliokuwa kwenye uhusiano wa kudumu, asilimia 84 walikuwa na mwenza wa jinsia nyingine. Jirani huwaona kama mke na mume wa kawaida, na dodoso lisilo na neno hilo moja lingewaacha wengi wao nje.

Kuhusu uhusiano, nilikuwa nimeuliza: “Je, umeoa au umeolewa?” Swali hilo kila Mswahili amelijaza kwenye fomu, na sikuliona kuwa na tatizo. Mwalimu alinionyesha kwamba kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, hivyo anayejibu ametaja jinsia yake na amebashiriwa jinsia ya mwenzake kabla hatujafika swali la tatu. Tukaandika “Je, uko katika ndoa au katika uhusiano wa kudumu?”, na kila palipokuwa na “mume au mke wako” tukaweka “mwenza wako”. Baada ya hapo lugha yetu yenyewe ilitusaidia, kwa sababu “mwenza wako anakusikiliza” haisemi kama mwenza ni mwanamume au mwanamke, na mtu anaweza kueleza furaha na majeraha ya nyumba yake kurasa nzima bila kulazimika kujifichua. Dodoso la asili lililoandikwa kwa Kiingereza lilihitaji maelezo marefu ili kulipata jambo ambalo kiambishi chetu kimoja kinalifanya bila jasho.

Kazi iliyotuchukua muda mrefu zaidi ni jedwali la Fritz Klein, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Marekani, ambaye mwaka 1978 alitaka kupanua kipimo cha mvuto wa kimapenzi kilichotolewa mwaka 1948 na mtafiti wa Marekani Alfred Kinsey. Kinsey alimpa mtu namba moja, kutoka 0, yaani jinsia nyingine tu, hadi 6, yaani jinsia yake tu. Klein aliuliza mambo saba, yakiwemo mvuto, matendo, mapenzi ya moyo na jinsi mtu anavyojitambua, na kila jambo akaliuliza mara tatu, yaani lilivyokuwa zamani, lilivyo katika miezi 12 iliyopita, na mtu angependa liwe vipi, hivyo jedwali lina visanduku 21. Mimi nilikuwa nimetafsiri safu ya tatu kuwa “hali iliyo bora”. Msomaji wangu wa kwanza wa majaribio, mama wa makamo, alieleza kwamba swali linamtaka aseme jambo lipi ni jema mbele za Mungu. Mwalimu akalibadilisha kuwa “kama ingekuwa kwa hiari yako tu, ungependa iwe vipi”, na msomaji aliyefuata akalieleza sawasawa. Vilevile mawazo ya mapenzi ambayo mtu hubaki nayo moyoni nilikuwa nimeyaita “ndoto”, na neno hilo lilieleweka kama ndoto za usingizini. Yakawa “mawazo ya faragha”. Visanduku 21 vilichukua siku sita, na sioni siku hata moja iliyopotea.

Neno “unyanyapaa” lilinishangaza kwa namna nyingine. Ni neno zuri, limefundishwa na redio na mabango kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyohiyo karibu kila msomaji aliliona akafikiria UKIMWI. Mwalimu alilibakiza kwenye kichwa cha sehemu na kuliondoa kwenye maswali, akaweka matendo yenyewe: kusemwa, kuepukwa, kutoaminiwa katika mapenzi, kuambiwa kwamba hujui unachotaka. Swali moja aliliandika hivi: “Je, umewahi kuambiwa kwamba hali yako ni upepo tu na utapita?” Hiyo ndiyo dhana ambayo mwanasaikolojia Lisa Diamond aliichunguza Marekani kwa kuwafuatilia wanawake 79 kwa miaka kumi, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 hayakuunga mkono wazo kwamba kuvutiwa na wanaume na wanawake pia ni kituo cha mpito. Sentensi ya Mwalimu inaeleweka kwa mtu ambaye hatasoma utafiti huo maishani mwake.

Uhariri wa sura ya mapitio nilitegemea uwe wa nukta na mkato. Uligeuka kuwa mtihani. Nilikuwa nimeandika kwamba asilimia 61 ya wanawake wa kundi hili “hupigwa na wenza wao”, nikinukuu takwimu za CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, zilizotokana na uchunguzi wa mwaka 2010. Mwalimu alizungushia duara neno “hupigwa”, akaandika pembeni: “Kila siku? Wote? Lete ripoti.” Niliileta, tukaisoma pamoja, na tukakuta kwamba takwimu hiyo inahusu wanawake ambao wakati wowote maishani waliwahi kubakwa, kufanyiwa ukatili wa kimwili au kuandamwa kwa vitisho na mwenza, na kwamba wengi wao walisema waliowatendea ni wanaume tu. Kwa wanawake wanaopenda wanawake pekee kiwango kilikuwa asilimia 44, na kwa wanaopenda wanaume pekee asilimia 35. Kwa sentensi yangu ya kizembe, mtu angeondoka akiamini kwamba chanzo cha kipigo ni mapenzi ya wanawake wenyewe. Naona haya hadi sasa, na namshukuru kwa duara lile kuliko kwa kazi nyingine yoyote aliyonifanyia.

Takwimu nyingine ya Pew ilimnyamazisha. Ni ile inayoonyesha kwamba asilimia 28 tu ya watu wa kundi hili walisema wote au wengi wa watu walio muhimu maishani mwao wanajua habari zao, ikilinganishwa na asilimia 77 ya wanaume wanaopenda wanaume na asilimia 71 ya wanawake wanaopenda wanawake. Baada ya muda akasema: “Basi huyu hata kwa daktari anafika na nusu ya ugonjwa.” Nilimwomba ruhusa ya kuyatumia maneno hayo kwenye utangulizi wa sehemu ya afya, akaniruhusu kwa sharti nisiandike jina lake.

Kwa maswali ya sonona nilileta PHQ-9, kipimo cha maswali tisa chenye alama kutoka 0 hadi 27, nikamwomba akitafsiri. Angeweza kuchukua fedha yangu. Badala yake aliniuliza kama hakuna aliyekwisha kukitafsiri, na nilipochunguza nikapata tafsiri ya Kiswahili ambayo tayari imetumika Tanzania na Kenya. Aliniambia nisiiguse hata neno moja, kwa sababu nikibadilisha maneno sitaweza kulinganisha alama zangu na za wengine. Kurasa hizo hakunitoza chochote.

Huduma ambayo sikuridhika nayo ni ya kurekodi sauti. Nilitaka maswali yasomwe na kusikilizwa kwa vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu uchunguzi wa vijana wa kiume wa Marekani wa mwaka 1995, uliochapishwa 1998, ulionyesha kwamba waliosikiliza maswali na kujibu wenyewe kwenye kompyuta walikiri kuwahi kufanya mapenzi na mwanamume kwa asilimia 5.5, ilhali waliojaza karatasi walikiri kwa asilimia 1.5. Mwalimu ana sauti tulivu na nzuri, lakini chumba cha kurekodia ni stoo iliyotundikwa mablanketi, na chini yake fundi anajaribu injini za pikipiki tangu asubuhi. Katika swali la ukatili, mahali ambapo msikilizaji anahitaji utulivu kuliko popote, inasikika honi ya basi. Tulirudia mara tatu, kisha nikaenda kurekodi usiku kwa rafiki yangu, mtaa wa Soweto hapahapa Moshi.

Yapo na mengine ya kulalamikia. Aliahidi wiki tatu kwa tafsiri, zikawa tano. Ngazi ni nyembamba na hazina mahali pa kushika, hivyo mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kufika, ingawa kijana hushuka akiitwa kwa simu. Bei ya tafsiri niliyolipa, shilingi 12,000 kwa ukurasa, ni juu kuliko steshenari yoyote niliyoulizia mjini. Pia Mwalimu anapenda maneno ya mashairi, na mara kadhaa ilinibidi kushindana naye: alipoandika “nasaha” nilirudisha “ushauri”, alipoandika “huba” nilirudisha “mapenzi”, kwa kuwa dodoso litasomwa na dada wa mtaa wa Pasua anayetoka kazini amechoka. Alikubali hayo mawili. “Faragha” alikataa kata kata kuibadilisha kuwa “siri”, akisema siri ni ya mtu mwenye kosa na faragha ni ya kila mtu, na hapo nilinyamaza.

Ofisi hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na malipo ni taslimu au kwa simu. Ukienda, peleka kazi iliyochapwa kwa nafasi pana kati ya mistari, kwa sababu anahariri kwa kalamu nyekundu na mwandiko wake ni mkubwa. Beba ripoti unazozinukuu, maana atazidai. Na akikuomba umwachie karatasi alale nazo usiku mmoja, mwachie.